Dunia Ikiisha, Kimekosekana Nini?

Filamu ya mapambano katika dunia iliyoangamia si lazima ile fedha nyingi. Inachotaka kwanza ni kuamua kitu kimoja kilichokosekana. Kikijulikana, mavazi, mandhari na ugomvi vyote hukifuata.

Nusu ya somo hili tunaipata kwa Waitalia. Mwaka 1981, filamu za Mad Max 2 na Escape from New York zilitoka, na kati ya 1982 na 1983 mwongozaji wa Kiitalia Enzo G. Castellari akatoa filamu tatu za mkondo huo. Hakujenga jiji bovu. Kwa 1990: I guerrieri del Bronx alirekodi matukio ya nje katika mitaa chakavu ya Bronx, New York, na ya ndani akayarekodi Roma. Kwa I nuovi barbari, machimbo ya nje ya Roma yakawa jangwa lililoachwa na vita vya nyuklia. Kuteua mahali kulimwokolea gharama kubwa. Lakini bomu lilikuwa kisingizio tu: wapiganaji wanakimbizana, na mtazamaji haoni wanagombea nini.

Nusu ya pili ipo Kenya. Katika Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu, imepita miaka 35 tangu Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa mazoezi ya mwili, na jasho na mkojo wao husafishwa wakanywa tena. Asha, mhusika mkuu, anapoimwagia mbegu maji yake machache, tone moja lina uzito zaidi kuliko mlipuko. Maneno ni haba, waigizaji wachache, na bado kiu tunaiona.

Kwa miaka mingi tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limetandika skrini yake Ngome Kongwe, mkabala na Forodhani. Ningependa pale tuione filamu ya namna hii iliyotungwa Unguja. Kisa tunacho: maji yetu ya kunywa hutegemea mvua inayozama ardhini, na visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi, chumvi ya bahari hupenya. Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870–1888, aliuletea mji maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje. Fikiria chemchemi hizo zimeingia chumvi, foleni ya madumu imefika sokoni Darajani, na watu wanapigania ufunguo wa bomba moja. Kwa filamu hiyo, mwongozaji anahitaji kamera, madumu, vichochoro, na muswada unaojua kila mtu kwenye foleni ana nani nyumbani anayemsubiri na maji.