Vyombo vya Plastiki katika Gari Kuukuu

Katika magari ya siku nyingi hapa Jorodom, chombo cha plastiki kikishaingia madoa, alama za kiwango hazionekani. Dereva ateremkaye Mlima Magara hajui kama mafuta ya breki yamepungua.

Chombo cha maji ya rejeta kifunguliwe injini ikiwa imepoa. Kitiwe maji ya sabuni na konzi ya mchele, kitikiswe, kisuuzwe. Maji yenye dawa ya rejeta ni matamu, tena ni sumu: yasimwagwe wapitapo watoto na mifugo.

Cha breki kisiguswe kwa petroli wala mafuta ya taa, yaharibuyo raba. Wala kisibakie na tone la maji, maana breki zipatapo moto maji huchemka, kanyagio likazama bure. Kisuuzwe kwa mafuta mapya ya breki. Abiria ni amana.