Injini ya Kukatia Majani Ndani ya Motokaa

Apitaye katika mtaa wa Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi, huziona motokaa zilizokufa. Zimesimama juu ya mawe kando ya gereji, magurudumu yametolewa, kuku wamelala chini yake, na mara nyingi kilichoziua ni kitu kimoja tu, yaani injini. Bodi ni nzima, viti vipo, usukani wageuka. Si ajabu basi fundi kijana akiitazama motokaa ya namna hiyo na kujiuliza: kwa nini isitiwe injini ndogo, kama ile ya mashine ya kukatia majani au ya pampu ya maji, ambayo bei yake si kubwa na ambayo hunywa petroli kidogo?

Swali hilo si la kuchekwa. Katika nchi za ng'ambo wako watu wengi wafanyao kazi hiyo siku za mapumziko kwa kujifurahisha, na wengine hufaulu. Walakini mtu wa Kayole hana fedha za kuchezea. Injini atakayoinunua ni akiba ya miezi mingi, na pengine nusu yake imetoka kwa baba aliye shamba, aliyeuza ndama. Kwa hiyo yafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu kabla spana haijashikwa.

Kwanza ijulikane kwamba wazo lenyewe ni la zamani. Huko Milwaukee, Marekani, kampuni ya Briggs & Stratton, ambayo baadaye ilipata sifa duniani kwa injini za kukatia majani, ilinunua mwaka 1919 haki ya kutengeneza gurudumu lenye injini yake ndogo ubavuni. Gurudumu hilo lilifungwa nyuma ya kigari cha mbao chenye magurudumu manne membamba kama ya baisikeli, nalo likawa la tano. Kigari hicho kiliitwa Flyer. Hakikuwa na paa, wala milango, wala springi. Ubao wenyewe ulipindapinda na kupunguza mtikiso. Dereva alipotaka kuondoka alivuta mkono wa chuma, na lile gurudumu la tano, ambalo lilikuwa likizunguka hewani, likashuka chini na kukisukuma kigari. Bei yake ilikuwa kama dola 125 hadi 150, nayo huhesabiwa miongoni mwa motokaa zilizouzwa rahisi kabisa. Tena mwaka 1946, katika mji wa Athens, jimbo la Ohio, watu wawili walianza kuuza vyuma vya motokaa ndogo iitwayo King Midget. Mnunuzi alipelekewa fremu, ekseli na usukani, akajitafutia mwenyewe injini yoyote ya pistoni moja na kuunga vyote nyumbani kwake. Biashara hiyo ilidumu hadi mwaka 1970.

Lakini katika mifano hiyo miwili kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita bila kuliona. Wamarekani wale hawakuchukua motokaa nzito wakaitia injini ndogo. Walianza na injini ndogo, kisha wakaitengenezea gari jepesi linaloifaa.

Sasa ichukuliwe injini ya Honda iitwayo GX160, ambayo wakulima wengi wa Kenya waijua kwa kuwa huendesha pampu za maji. Silinda yake ni moja, ya sentimeta za ujazo 163, na ikizunguka mara 3,600 kwa dakika hutoa nguvu za farasi karibu 4.8. Hizo ni nguvu zilizopimwa mahali pa chini, karibu na usawa wa bahari. Kayole iko juu ya bahari kwa mita karibu 1,600, na kwa kuwa huku juu hewa ni nyepesi, injini hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Basi zimebaki farasi 4, na baadhi yao watakufa njiani katika minyororo na gia kabla ya kufika magurudumuni.

Motokaa ndogo, pamoja na dereva na abiria mmoja, ina uzito wa kilo 900 hivi. Barabara ikiwa tambarare na ya lami, farasi hao waliobaki waweza kuikimbiza kilometa 40 kwa saa, na kidogo zaidi. Hapo ndipo fundi hufurahi na kuwaita jirani zake waje watazame. Lakini ikifika kwenye kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10, mwendo wake hushuka hadi kilometa 8 au 9 kwa saa. Kijana mwenye baisikeli atampita dereva, tena atampungia mkono.

Hata mwendo huo hautapatikana ikiwa injini itaungwa moja kwa moja na giaboksi ya motokaa. Kwa mzunguko wa mara 3,600, gia ya kwanza ya motokaa ya kawaida huipeleka kilometa 26 kwa saa au zaidi, mwendo ambao injini hiyo haiuwezi kilimani. Itanguruma kidogo, kisha itazimika. Hapana budi kuweka katikati mnyororo wenye meno madogo upande wa injini na meno mara tatu yake upande wa giaboksi. Hapo gia ya kwanza itakuwa ya kilometa 9 hivi, na gia ya juu kabisa ya kilometa 30 na kitu. Fundi amepata kilima, amepoteza tambarare. Nguvu ni zilezile. Gia hazizai nguvu, huzigawa tu.

Kuna jambo jingine la kuangalia wakati wa kununua. Mashine ya kukatia majani ya kusukuma kwa mkono ina kisu kinachozunguka chini yake kama pangaboi lililopinduliwa, na kwa sababu hiyo mhimili wa injini yake husimama wima. Hauwezi kuvishwa mnyororo wa kwenda kwenye magurudumu bila mtambo mwingine wa kugeuza mwendo. Kuilaza injini ubavu si dawa, maana oili yake hurushwa juu na kijiko kidogo kilicho chini, na injini ikilazwa kijiko hicho hakiifikii oili ipasavyo. Vyuma vitasagana vikavu. Injini ya pampu ya maji aghalabu mhimili wake hulala, na ndiyo maana wajuzi huichagua hiyo, ingawa watu huendelea kusema ni injini ya majani.

Injini hizi hazina rejeta. Hupozwa na hewa ipulizwayo na mapezi ya gurudumu lake zito. Ikifungiwa chini ya boneti ya motokaa, itapuliza hewa ileile iliyokwisha kupata moto, mpaka pistoni ishikwe. Ni lazima yakatwe matundu mapana ya kuingiza hewa ya baridi na mengine ya kutoa ya moto. Pia ndani yake mna kidhibiti kinachoizuia isizunguke kupita kiasi. Wako vijana wanaokiondoa ili wapate mwendo. Hupata, kwa siku chache. Kisha konrodi hukatika na kutoboa ubavu wa injini, na akiba yote ya miezi humwagika chini pamoja na oili.

Yote hayo ni hasara ya mali tu. Lililo kubwa kuliko mali ni breki. Motokaa nyingi za siku hizi hukanyagwa breki kwa msaada wa mvuto wa hewa utokao kwenye injini yake ya asili. Injini hiyo ikiondolewa, msaada nao umeondoka, na kanyagio huwa gumu kama jiwe. Fundi aliyekesha akiitafutia motokaa mwendo huenda asilikumbuke jambo hili mpaka atakapokuwa anateremka, kilo 900 zikiwa nyuma yake na watoto wa shule wakivuka mbele yake. Taa nazo hutaka dinamo, ambayo injini ya pampu kwa kawaida haina ya kutosha.

Na hata breki zikiwa njema, Barabara ya Kangundo si mahali pa gari la kilometa 30 kwa saa. Matatu na malori yatokayo nyuma hayatarajii kulikuta jambo la namna hiyo mbele yao. Sheria nayo ina neno. Nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha motokaa, na mwenye kuibadili injini apaswa kuarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Tena Sura ya 405 ya Sheria za Kenya yakataza kuendesha motokaa barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Kampuni ya bima ikikuta injini ya pampu mahali pa injini ya motokaa, si rahisi ilipe. Aliyegongwa atabaki na mguu wake uliovunjika, na fundi atabaki na deni.

Isidhaniwe kwamba mafundi wa Eastlands hawana ustadi. Karibu na Kayole kuna Kariobangi Light Industries, ambako vyuma huchongwa na kuchomelewa kutwa, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji walijulikana nchi nzima hata Rais Moi alipowazuru mwaka 1985 na kuagiza wajengewe mabanda. Hata Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoombwa mwaka 1986 kutengeneza motokaa ya Kenya, kilitoa Nyayo Pioneer chache zilizoonyeshwa Kasarani mwaka 1990. Kilichokosekana ni fedha za kuzitengeneza kwa wingi.

Kwa hiyo fundi mwenye injini ndogo afuate njia ya kile kigari cha Milwaukee, aiache bodi ya motokaa kwa kuku. Fremu ya mabomba, magurudumu ya pikipiki, klachi ijishikayo yenyewe injini ikiongeza mzunguko, mnyororo, na breki njema za pikipiki: gari la namna hiyo, pamoja na dereva na magunia mawili madogo, laweza kuwa na uzito wa kilo 300. Kilima kilekile kilichoishinda motokaa, hili hukipanda kwa kilometa 20 hivi kwa saa, hata juu ya udongo. Mahali pake ni ndani ya shamba, kutoka mtoni hadi ghalani, mbali na barabara ya serikali.

Baba aliyeuza ndama aweza kulitumia kubebea mbolea na majani ya ng'ombe. Na kiangazi kikikaza hufungua boliti nne, huinua injini, na kuirudisha kwenye pampu yake mtoni.