Breki yenye akili ipo, Matogoro bado tunakanyaga na kuomba Mungu!

MPENZI msomaji, wiki hii nilikuwa nimekuandalia mambo ya misuko ya nywele, lakini naomba uniwie radhi. Mdogo wangu wa kiume kalala chumba cha pili, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mfupa wa bega umevunjika. Kwa hiyo leo ni breki tu. Na wewe unayepanda bodaboda kila siku, usifungue ukurasa mwingine, yanakuhusu!

Ilikuwa hivi. Dogo ni dereva wa bodaboda, ana pikipiki ya mkataba. Jumamosi jioni alikuwa anashuka kutoka Matogoro kuja Songea mjini, nyuma kapakia mwanafunzi wa chuo na begi lake. Manyunyu ndiyo kwanza yameanza, yale yanayochanganyika na vumbi mpaka lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Ghafla mbuzi wawili wakakatiza. Dogo akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote. Tairi la nyuma likajamu, likagoma kabisa kuzunguka, pikipiki ikaanza kwenda ubavu ubavu kama kaa wa baharini. Mara puu, wote chini!

Mbuzi wakaenda zao. Mwanafunzi alichubuka magoti na kiwiko, kofia ngumu ikamwokoa kichwa. Dogo akaishia hospitali.

Nilipomuuliza kwa nini hakugusa breki ya mbele, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakunywa sumu. "Dada, breki ya mbele inapindua!"

Sasa nyumbani hapakaliki. Mama kakata shauri: pikipiki irudi kwa mwenyewe, mtoto akatafute kazi nyingine. Dogo naye analia, imebaki miezi minne tu mkataba uishe, chombo kiwe chake. Mimi niko katikati. Nikaona kabla sijachukua upande, bora nijue kosa lilikuwa la mtu au la chombo.

FUNDI NA NDOO YA MAJI

Nikaenda kijiweni kwanza. Washkaji wote wimbo mmoja: mbele usiguse, utaruka kama ndege. Wapo wanaolegeza waya wa breki ya mbele makusudi ili wasije wakaishika kwa bahati mbaya. Haya, nikatoka hapo nikaenda kwa fundi mmoja mtu mzima, anayefungua pikipiki tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Leo umeleta nini?"

Nikamweleza. Akacheka, akafuta mikono na kitambaa chenye oili. "Binti, ukibeba ndoo ya maji kichwani halafu ukasimama ghafla, maji yanamwagikia wapi?"

"Mbele."

"Basi na pikipiki hivyo hivyo. Ukifunga breki, uzito wote unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini, linashika barabara. La nyuma linabaki jepesi, ukilikanyaga kidogo tu linajamu. Nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele. Ninyi mnatumia ile ndogo."

Kumbe! Lakini fundi hakuwaponda washkaji moja kwa moja. Alisema ni kweli ukiibana ya mbele ghafla kwenye tope, mchanga au katikati ya kona, tairi la mbele likijamu huna ujanja, unakwenda chini kabla hujasema "Mungu wangu". Ndiyo maana watu wanaiogopa. Woga una sababu, ila dawa waliyoichagua ndiyo inayowaumiza.

BREKI INAYOFIKIRI

Hapo ndipo penyewe, msomaji wangu. Wenzetu waliona kwamba mtu akishtuka hawezi kupima nguvu ya mkono wala mguu, wakaitafutia mashine hiyo kazi. Inaitwa ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujamu. BMW ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza pikipiki ya namna hiyo, ile K100, mwaka 1988.

Inafanyaje kazi? Kwenye gurudumu kuna pete yenye matundu au meno, na pembeni yake sensa inayohesabu jinsi gurudumu linavyozunguka. Habari zinakwenda kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta ikiona gurudumu linataka kusimama ghafla huku pikipiki bado inakwenda, inapunguza nguvu ya mafuta ya breki kidogo, gurudumu linazunguka, halafu inabana tena. Inaachia, inabana, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wewe kazi yako ni kushikilia breki na kuangalia unakokwenda. Mkononi au mguuni utasikia inatetemeka, usiogope, ndiyo inafanya kazi.

Faida yake si maneno matupu. Marekani, taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima, IIHS, ililinganisha pikipiki za aina moja, zenye ABS na zisizo nayo. Zenye ABS ajali za vifo zilikuwa pungufu kwa asilimia 22. Umoja wa Ulaya ukaweka sheria: kuanzia 2016 kila toleo jipya la pikipiki inayozidi sisi 125 liwe na ABS, na kufika 2017 zote mpya zinazouzwa.

Utasema Ulaya ni mbali. Haya, njoo India, wanakotoka ndugu wengi wa hizi tunazopanda. Kwao kuanzia Aprili 2019 sheria ilitaka kila pikipiki mpya inayozidi sisi 125 iwe na ABS. Zile ndogo ilizitaka angalau ziwe na breki za kuunganishwa, yaani ukikanyaga ya nyuma, na ya mbele inashika kidogo. Hebu fikiria dogo angekuwa na hiyo tu! Mguu wake ule ule wenye woga ungeita na breki ya mbele bila yeye kujua.

Na huko mbele wamekwenda mbali zaidi. Kuna mtambo unaopunguza nguvu ya injini tairi la nyuma likianza kuzunguka bure kwenye utelezi. Mwaka 2013 KTM ya Austria ilitoa pikipiki, 1190 Adventure ya toleo la 2014, ambayo breki zake zinajua hata imelala kiasi gani kwenye kona, zinapima nguvu kulingana na hapo. Si mchezo!

TUIFUNGE BASI?

Nikamuuliza fundi, je, hatuwezi kununua hiyo ABS tukaifunga kwenye ya dogo? Safari hii alicheka mpaka akakaa chini. Pikipiki nyingi za kijiweni zina breki za dramu, mbele waya, nyuma fimbo ya chuma. ABS inaongoza mafuta ya breki. Hapa hakuna mafuta, utamwongoza nani? Lazima chombo kitoke nayo kiwandani.

Tena akanionya kuhusu stika. Ukienda kununua ukaona imeandikwa ABS ubavuni, chuchumaa uangalie gurudumu. Kama hakuna ile pete na waya wa sensa, hiyo ni urembo. Pia ukiwasha swichi, taa ya ABS huwaka, ukianza kutembea inazima. Isiyowaka kabisa, au isiyozima, ina walakini.

Na isije ikakuvimbisha kichwa. ABS haitengenezi tairi lililoisha. Kwenye changarawe au tope inaweza hata kurefusha mwendo wa kusimama, kwa sababu inaachia-achia. Na hesabu za mwendo hazibadiliki: ukiwa spidi 50 unakula karibu mita 14 kila sekunde, kabla hata mguu haujafika kwenye breki. Ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kusimama, tangu breki zishike, unakuwa kama mara nne.

SOMO LA MKONO

Basi sisi wa dramu tufanyeje? Fundi anasema mkono unafundishika. Tafuta uwanja mkavu usio na watu, anza na spidi ndogo. Pikipiki ikiwa imenyooka, bana ya mbele taratibu kama unakamua ndimu, usiinyakue kama unakamata kuku. Ya nyuma ifuate kwa upole. Ikijamu, achia kidogo. Rudia hata mara hamsini, mpaka mkono ufanye wenyewe bila kukuuliza. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukitoka kuvuka maji, gusa breki kidogo kidogo zikauke.

Na ule mchezo wa kuweka frii kwenye mteremko ili kubana mafuta, fundi anasema mkome. Acha gia ndogo ndani, injini isaidie kushika. Breki ikibeba mzigo peke yake mteremko mzima inapata moto, na ikipata moto inalegea. Niliporudi nikamuuliza dogo kama siku ile alikuwa kwenye gia. Akageukia ukutani. Sikuuliza tena.

Kwa hiyo kosa la nani, mtu au chombo? Vyote viwili, ndugu yangu. Dogo hakufundishwa, na chombo hakikuwa na wa kumsahihisha. Akili ya breki wenzetu wamewekewa kwa sheria. Sisi hapa tunaambiwa tuwe waangalifu!

Mama nilimweleza yote haya jikoni, akachambua mboga hadi zikaisha bila kunijibu. Siku mbili kimya. Jana usiku, dogo amelala, akanisogelea.

"Huyo fundi wako, hilo somo anatoza shilingi ngapi?"

Sijamwambia dogo bado. Bega lipone kwanza.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutarudi kwenye misuko. Leo ukipanda bodaboda, muulize dereva: ya mbele inashika?