Je, Mashine Yaweza Kuwa Mpandaji wa Miamba?

Mwanzoni mwa mwaka 2019, katika jangwa la Death Valley, jimbo la California nchini Marekani, mtambo wenye miguu minne ulionekana ukijivuta polepole juu ya genge la mwamba. Miguu yake ilikuwa na vidole, na katika vidole hivyo mlikuwamo mamia ya ndoana ndogo mno, mfano wa zile za kuvulia samaki, ambazo zilitafuta vijishimo na mikwaruzo ya jiwe zikajishikiza humo. Hakuna mtu aliyeuonyesha mahali pa kuweka mguu. Ulijichagulia njia wenyewe, na huku ukipanda ulikuwa ukilipima jiwe kutafuta mabaki ya viumbe walioishi katika bahari iliyolifunika eneo lile zamani za kale.

Mtambo huo uliitwa LEMUR, jina la mnyama wa Madagaska aliye jamaa ya komba wetu. Ulitengenezwa katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko Pasadena, ambayo ni ya NASA, shirika la Marekani linaloshughulikia safari za anga. Hapo awali ulikusudiwa kufanya kazi za matengenezo katika kituo cha anga cha kimataifa; baadaye wataalamu wakaugeuza uwe wa kupanda majabali, kwa kutumaini kwamba siku moja mitambo ya namna hiyo itaweza kuingia katika mapango na kupanda magenge ya sayari ya Mirihi.

Basi, ikiwa mashine imekwisha kuupanda mwamba, je, yastahili kuitwa mpandaji? Swali hili laweza kuonekana la kupitisha wakati barazani. Lakini linawahusu sana wale ambao kazi yao ni kwenda mahali ambapo wengine wanapakimbia, yaani askari, polisi na waokoaji, pamoja na jamaa zao wanaowangoja nyumbani.

Kwanza, hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna kupanda mlima na kuna kupanda miamba. Wengi waliofika juu ya Kilimanjaro walikwenda kwa miguu. Shida yao kubwa ilikuwa baridi, umbali na uhaba wa hewa, wala mikono yao haikuwa na kazi kubwa. Mlima Kenya una sura zote mbili. Kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, hufikiwa kwa kutembea. Batian, chenye mita 5,199, ni jabali tupu, na anayekitaka hana budi kutumia mikono, kamba na moyo. Halford Mackinder na viongozi wake wawili wa milimani, Ollier na Brocherel, walikifikia mwaka 1899, na hata leo kilele hicho hakimpokei mtu asiyejua kazi hiyo.

Katika kutembea, mashine zimekwisha kuonyesha uwezo wao. Mwaka 2022 wataalamu wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, nchini Uswisi, walitangaza habari za roboti yao ya miguu minne, ANYmal, iliyopanda sehemu ya mlima Etzel kimo cha mita 120 kwa muda wa dakika 31, pasipo kuanguka. Kibao cha njiani huwakadiria watembeaji dakika 4 zaidi ya hizo. La kustaajabisha ni namna ilivyofundishwa. Haikupelekwa mlimani kujikwaa. Ilijifunza ndani ya kompyuta, katika ardhi ya kubuni, ambako roboti za kubuni zilianguka mara zisizo na idadi bila hata msumari mmoja kupotea. Binadamu hana shule ya namna hiyo, kwa kuwa aangukaye huumia.

Mwamba uliosimama wima ni habari nyingine. Hapo uzito wa mwili hauibebi tena nyayo ardhini, bali huivuta itoke. Lazima kiwepo cha kushika. Na hapa ndipo udhaifu wa mashine unapodhihirika, kwa sababu kila moja imeumbiwa ukuta wake. Ndoana za LEMUR zataka jiwe lenye mikwaruzo; juu ya kioo hazina kazi. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha roboti iitwayo Stickybot, waliyoiiga kwa mjusi kafiri, yule yule anayetembea kichwa chini juu ya dari za nyumba zetu. Yeye hana gundi. Hubandikwa na nywele za nyayo zake, ambazo ni nyembamba kupita kiasi cha jicho kuona. Stickybot ilipanda kioo vizuri, lakini kioo si jabali. Nao Wakorea wa chuo cha KAIST walitangaza mwaka 2022 roboti yenye sumaku miguuni, iitwayo MARVEL, ipandayo ukuta wa chuma kwa mwendo wa sentimita 70 kwa sekunde. Ukiiondolea chuma, imekwisha.

Mkono wa mwanadamu haukuumbiwa ukuta mmoja. Huingia katika ufa ukajikunja kama kabari, hubana kijiwe kwa ncha za vidole, husukuma mahali pasipo na cha kuvuta. Ngozi yake hupeleka habari bila kukoma kwamba jiwe hili ni baridi, hili lina vumbi, hili linatikisika. Mpandaji hujipaka unga mweupe wa magnesia ili jasho lisimtelezeshe, na kabla hajaukabidhi uzito wake kwa jiwe hulijaribu kidogo kidogo. Hakuna roboti hata leo yenye mikono inayokaribia hiyo.

Upande wa akili nao una maajabu yake. Mwaka 1997 kompyuta iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, na watu wakadhani kwamba yaliyobaki yangekuwa mepesi. Lakini Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, alikwisha kuandika mwaka 1988 kwamba mambo yanayoonekana magumu kwetu ndiyo rahisi kwa kompyuta, na yale afanyayo mtoto mchanga bila kufikiri, kama kuona na kutambaa, ndiyo yanayoishinda. Mama anayemwona mwanawe juu ya mwembe, mguu mmoja hewani na mkono ukilinyoshea embe la mbali, hukasirika kwa haki. Hata hivyo mtoto huyo anatatua hapo hesabu ambayo wataalamu wameihangaikia miaka mingi.

Miongoni mwao ni Timothy Bretl, ambaye mwanzoni mwa karne hii alifanya kazi hiyo Stanford pamoja na wenzake, wakiitumia roboti iliyotangulia ile ya Death Valley. Haikuwa na vidole. Ncha za miguu yake zilitegemea msuguano tu. Programu yake ilipaswa kupanga mapema kwamba miguu mitatu ishike wakati wa nne unahama, na uzito ukae mahali ambapo mtambo hautapinduka. Tena, hatua ya sasa isiizuie ile ya tano au ya kumi itakayofuata. Hatua moja iliyowekwa vibaya chini yaweza kumkwamisha mpandaji juu sana, mahali ambapo hawezi kwenda mbele wala kurudi. Roboti hiyo iliupanda ukuta wa mazoezi, pole pole sana, lakini iliupanda.

Liko shindano moja ambalo mashine ingeweza kulitamani. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Veddriq Leonardo wa Indonesia alipata nishani ya dhahabu kwa kuupanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75. Mtu atadhani kwamba kasi hiyo ndiyo kilele cha ugumu. Kwa mashine, huenda ikawa kinyume, maana ukuta wa mashindano ya mbio ni ule ule duniani kote, na vishikio vyake hukaa mahali pale pale. Aliyekwisha kuambiwa mara moja hana la kukisia tena. Kinachobaki ni nguvu na wepesi, na hayo hutengenezwa kiwandani. Ugumu wa kweli uko katika mashindano mengine, ambamo njia hutengenezwa upya na washindani hawaruhusiwi kuwatazama wenzao waliotangulia.

Wako wasemao kwamba mpandaji ni yule aliye na cha kupoteza. Hutoa mfano wa Alex Honnold, Mmarekani aliyelipanda jabali la El Capitan huko Yosemite tarehe 3 Juni 2017 bila kamba yoyote, karibu mita 900, kwa muda wa saa 3 na dakika 56. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi, kwani wapandaji wengi hufungwa kamba nao ni wapandaji halisi. Jambo lenye maana zaidi katika habari za Honnold ni lile lililotokea kabla ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 2016 alianza kulipanda jabali hilo hilo bila kamba, na alipokuwa angali chini sana akaacha. Hakuna aliyemwamuru. Mashine nayo yaweza kurudi nyuma, ikiwa imeelekezwa kwamba hatari ikizidi kiasi fulani igeuke. Lakini kiasi hicho kimewekwa na mtu mwingine, aliyeketi mahali pengine.

Kwa kazi ya uokoaji, huenda tofauti hiyo isiwe na haja. Mwezi wa Septemba mwaka 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika juu ya Batian na kuanza kushuka. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Alikaa siku kadhaa katika baridi ya juu, ilhali watu wa kujitolea wa chama cha wapanda milima cha Kenya walihangaika kumfikia na kumshusha. Helikopta iliyotumwa kusaidia ilianguka, na rubani wake akafa. Mwishowe waokoaji waliosafirishwa kutoka Austria wakamteremsha akiwa hai. Mashine ambayo ingeweza kupeleka blanketi, dawa na kamba mahali kama pale ingekuwa na thamani kubwa, na hakuna mke wa rubani ambaye angeuliza kama yafaa kuitwa mpandaji. Lakini roboti ya kupanda miamba yenye uwezo huo haijapatikana. LEMUR ilimaliza kazi yake mwaka ule ule wa 2019, na ujuzi uliopatikana ukaingizwa katika mitambo mingine ya maabara ile.

Linalobaki ni lile jina. Mlima ule ule wa Kenya una habari nyingine ya kulipima. Mwezi wa Januari mwaka 1943 mateka watatu wa vita wa Kitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya Waingereza karibu na Nanyuki. Hawakutoroka ili warudi kwao, bali kwa sababu mlima ulikuwa ukionekana kila siku kupitia seng'enge. Walikuwa wamejitengenezea zana kwa vipande vya chuma na kamba za katani, na kwa ramani walitazama picha ya mlima iliyochapishwa juu ya kopo la nyama. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake wawili walijaribu Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana na kusimika bendera yao.

LEMUR haijapata kuomba ipelekwe Death Valley. Wale Wataliano walikwenda bila kutumwa na mtu, na walipomaliza walishuka wakarudi wenyewe kambini, wakiwa na njaa kali, huku wakijua kwamba adhabu inawangoja. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi, ambaye alikuwa adui yao vitani, akaithamini juhudi yao ya kimichezo, akazipunguza hadi 7.