Neno Limfungulialo Mtafutaji

Mwenye kutafuta jambo katika kitabu kikubwa hana budi kuliendea kwa neno moja, nalo neno hilo, ambalo kila ilimu hulipa kazi yake mbali, ndilo tuliitalo neno la msingi. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominiko wa Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, waliyapanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa taratibu ya herufi, ili mhubiri aliyekumbuka neno moja tu aipate aya nzima. Na zama zetu hizi Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri akaitungia Kurani Tukufu fahirisi iliyopangwa kwa mizizi ya Kiarabu, ambayo asiyejua kulirudisha neno kwenye asili yake hanufaiki nayo.

Nasi tumeyaona hayo katika kamusi zetu. Ile ya Johnson ya mwaka 1939 ilimweka mpishi chini ya kitenzi pika, hali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimpa mahali pake penye herufi M. Na ingawa mtindo wa pili humrahisishia mwenye haraka, naona ule wa kwanza una fadhila kubwa zaidi, kwa kuwa humdhihirishia msomaji ukoo wa maneno.

Kwa watungao programu za kompyuta neno la msingi ni kama mali ya wakfu: lugha ya C, kwa kanuni zake za mwaka 1989, ina maneno 32 ambayo mtungaji haruhusiwi kuyafanya majina ya vitu vyake. Katika maandishi ya siri, maana ya neno hilo haina thamani yoyote, herufi zake ndizo zifanyazo kazi. Raymond Williams wa Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliyaita ya msingi maneno kama utamaduni na demokrasia, ambayo watu huyatumia wote na maana yake wakaigombania.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni yale maneno machache ayaandikayo mtaalamu chini ya ikisiri ya makala yake. Akiandika habari za nguru, naye akaweka jina lake la kisayansi, Scomberomorus commerson, peke yake, mvuvi wa Lamu atafutaye kwa jina alijualo hataiona makala hiyo, ijapokuwa inahusu riziki yake. Basi nawasihi wahariri wa majarida yetu wayadai majina yote mawili kabla ya kupiga chapa.