Je, Wajua? Adui Asiyetambulikana Mwilini mwa Ayala

Je, wajua kwamba ayala wa Amerika ya Kaskazini, ambaye chembe nyeupe za damu yake hupigana na vijidudu vya kila namna, hana kinga mbele ya maradhi ya kukonda yaliyoonekana kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967? Ajabu ni kwamba kinachoyaleta si bakteria wala virusi, bali ni prioni, yaani protini ya mwili wake mwenyewe iliyokunjika vibaya, na kwa kuwa chembe za kinga haziioni kuwa ni ngeni, hazitengenezi kingamwili ya kuipinga. Na msiba mkubwa zaidi, baadhi ya chembe za kinga zikaazo katika mafindofindo na tezi za koo huikusanya na kuihifadhi, ikaongezeka humo miezi mingi kabla mnyama hajaanza kudhoofika na kudondokwa mate. Ndiyo sababu matabibu wa wanyama huzichunguza tezi hizo.