MULONDO: MZIZI UNAOUZWA NAKIVUBO, MMEA UNAOKWISHA MSITUNI

Mtu ashukaye bondeni Nakivubo, kati ya uwanja wa mpira wa ukumbusho wa vita na soko la Owino, ambalo siku hizi huitwa St Balikuddembe, hakosi kukuta mizizi ya rangi ya udongo iliyofungwa vifungu vidogo vidogo. Huo ndio mulondo. Wateja wake aghalabu ni wanaume, wala hatuna shaka kwamba miongoni mwao wamo ndugu zetu wavaao sare, ambao baada ya zamu hununua kifungu wakakitafuna polepole huku wakizungumza. Mzizi wanaujua, mmea wenyewe ni wachache waliouona. Leo twapenda kuueleza mmea huo, kwani kila kifungu kiuzwacho chaweza kuwa ni kifo cha mmea mmoja msituni.

Wataalamu wa mimea huuita mulondo Mondia whitei, na neno Mondia latokana na jina la Kizulu, umondi. Majirani zetu Waluhya wa Kenya huuita mukombero. Hupatikana katika nchi nyingi za Afrika, kuanzia magharibi hadi mashariki na kusini, hasa katika misitu yenye unyevu na kandokando ya mito na vinamasi. Hauna vikonyo vya kushikia. Shina lake hujisokota katika mti mwingine na kupanda juu kutafuta mwanga. Majani ni makubwa, yana umbo la moyo, nayo hukaa mawili mawili yakielekeana. Mahali majani yanapoungana na shina pana kitu kama ukosi wa shati wenye taraza, na hiyo ni alama njema ya kuutambua. Maua hutoka kwa vishada, yakiwa na rangi ya zambarau iliyokoza ndani na kingo za kijani-manjano. Baada ya maua huja maganda mawili mawili, yametanuka kama pembe za ng'ombe. Yakikauka hupasuka, na mbegu zenye vishungi laini kama hariri huchukuliwa na upepo.

Harufu ya mzizi hufanana na ya vanila, wala si ajabu, kwa kuwa kiini cha harufu hiyo kinakaribiana sana kwa muundo na kile cha vanila. Watu huutafuna ili kuamsha hamu ya chakula, kutuliza tumbo na, kama wengi wasemavyo, kuongeza nguvu za kiume. Juu ya jambo hili la mwisho yafaa tuseme kweli. Watafiti wa Kamerun waliwapa panya madume dawa iliyotengenezwa kwa mzizi huu. Katika uchunguzi mmoja, hamu ya kupanda majike iliongezeka. Lakini katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2001, panya waliopewa dawa hiyo kwa muda mrefu walipungukiwa na uwezo wa kuzalisha, nao uliwarudia baada ya kuachishwa. Panya si mtu. Hata hivyo, mwenye kutafuta mtoto asiufanye mulondo kuwa chakula cha kila siku, na mwenye maradhi amwone daktari wa kikosi chake kwanza.

Hatari nyingine ni ya kutojua. Mulondo ni wa jamaa ya mimea iitwayo Apocynaceae, na katika jamaa hiyo hiyo umo mti ambao wawindaji wa Afrika ya Mashariki hutoa sumu ya mishale. Kwa hiyo askari aliye doria porini asing'oe mzizi wowote wenye utomvu mweupe akautia kinywani kwa kudhania tu.

Basi, balaa la mmea huu ni nini? Ni kwamba kinachotakiwa ni mzizi. Mchumaji wa majani huuacha mti hai, bali mchimbaji wa mizizi mwenye haraka hung'oa mmea mzima kabla haujatoa mbegu. Mahitaji ya mji ni makubwa. Mwaka 2008 watafiti wa Uganda walichapisha uchunguzi maalumu juu ya biashara ya mulondo katika masoko ya Kampala. Ndugu polisi nao wakumbuke kuwa Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inakataza kuharibu au kuondoa mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali.

Dawa ya jambo hili ni kupanda, nako si kugumu. Chukua mbegu katika maganda yaliyokomaa, kabla upepo haujazitawanya. Zipande katika kitalu chenye kivuli na udongo mwororo wenye mbolea, uzimwagilie maji kwa kiasi. Miche ikipata nguvu, ihamishe mwanzo wa mvua, kila mmoja chini ya mti hai kama mutuba, au kando ya nguzo imara. Funika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Usiwe na pupa ya kuchimba. Ngoja mizizi inenepe. Siku ya kuvuna, fukua upande mmoja tu, kata mizizi michache ya pembeni, uuache mzizi mkuu, kisha urudishe udongo. Hivyo mmea mmoja utakulisha mara nyingi.

Katika kambi na vituo vyetu vingi zipo bustani za mboga na nyua zisizo na kazi. Miche michache kando ya ua haitamzuia mtu kwenda gwaride. Wazee wetu walikuta mulondo umeota wenyewe. Sisi tukitaka wanetu waukute, hatuna budi kuupanda.